Fanani na Hadhira Yake: Maoni ya Wanafunzi Juu ya Mihadhara ya Feynman

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini kwenye kitabu cha fizikia? Jibu ni fupi. Kitabu cha kiada nacho ni matini. Kina msemaji, kina anayesemeshwa, kina fani na kina maudhui. Wanafunzi wanaokisoma hukitolea hukumu kila siku, kwenye foleni ya chakula na kwenye vikundi vya majadiliano, ila hukumu zao haziitwi uhakiki, zinaitwa malalamiko. Makala haya yanakusudia kuyachukua malalamiko hayo kama uhakiki, kwa kuangalia kitabu kimoja kinachozua ubishi sana: The Feynman Lectures on Physics, ambacho hapa tutakiita Mihadhara.

Maoni ya wanafunzi juu ya kitabu hiki yako pande mbili. Upande wa kwanza husema hakuna kitabu kitamu kama hiki. Unakisoma kama riwaya, na mambo uliyokuwa unayakariri tangu sekondari yanaanza kuwa na maana. Upande wa pili husema utamu huo ni wa kudanganya: ukisoma unajiona umeelewa, ukiingia kwenye pepa, patupu. Ajabu ni kwamba mara nyingi maoni yote mawili humtoka mtu mmoja. Msimamo wetu ni kwamba pande zote mbili zinasema kweli, na sababu yake ni ya kifani. Mihadhara ilisemwa kwanza, ndipo ikaandikwa.

Kati ya 1961 na 1963 Richard Feynman alifundisha fizikia ya utangulizi huko Caltech, California, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi wa pili. Wanafunzi wapatao 180 walikusanyika ukumbini mara mbili kwa wiki. Sauti yake ilinaswa kwenye kanda, ubao ukapigwa picha, kisha Robert Leighton na Matthew Sands wakayageuza masimulizi hayo kuwa maandishi. Juzuu tatu zilitoka kati ya 1963 na 1965. Kwa lugha ya somo letu, hii ni kazi simulizi iliyotiwa kwenye maandishi. Na sote tunajua kwamba ngano ikishaandikwa hupoteza utendaji: sauti, mikono, na lile jicho la fanani linaloona kwamba hadhira imeachwa nyuma, akarudi kuichukua.

Tuchukue mfano mmoja. Sura ya nne ya juzuu ya kwanza inahusu hifadhi ya nishati, nayo inaanza kwa hadithi. Mtoto Dennis ana vipande 28 vya kuchezea, visivyovunjika wala kugawanyika. Kila jioni mama yake anavihesabu. Siku moja anakuta 27. Kimoja kiko chini ya zulia. Siku nyingine 26. Dirisha li wazi na viwili viko nje. Siku nyingine anakuta 30: kumbe mtoto mwenzake alikuja na vyake, akaviacha baadhi. Kisha mambo yanakuwa magumu. Dennis hataki sanduku lake lifunguliwe, basi mama analipima uzito. Maji ya bafu ni machafu, hayaonyeshi kitu, basi mama anapima kimo cha maji. Mwishowe anapata fomyula ndefu ambamo kila maficho yana hesabu yake, na jumla daima ni 28.

Hii ni ngano kamili, yenye takriri na ugumu unaopanda ngazi kwa ngazi. Lakini mwishoni Feynman anafanya jambo gumu: anaviondoa vipande vyenyewe. Nishati ni kama hesabu ya yule mama, ila hakuna vipande vyovyote vya kuona. Kinachobaki ni fomyula. Hapo ndipo palipo na maudhui. Msomaji aliyezama kwenye zulia na bafu ameshafurahi, wakati kazi yenyewe, ya kuishika hesabu bila picha, ndiyo kwanza inaanza. Mbele ya fanani angenyoosha mkono aulize. Mbele ya kitabu anafungua ukurasa unaofuata. Utamu umemvusha mto, lakini haukumfundisha kuogelea.

Tulinganishe na Physics ya David Halliday na Robert Resnick, iliyotoka 1960. Hicho kinalalamikiwa kwa unene na ukavu. Hakina fanani wa kumpenda. Lakini kila sura yake inaishia kwenye maswali, yaani inamdai msomaji kazi, na wakati wa msuli ndicho kinachobebwa. Juzuu za Mihadhara zilitoka bila mazoezi ndani yake, yalichapwa kando. Kwa hiyo anayesema kitabu "hakisaidii pepa" hajakitukana. Ametaja upungufu halisi wa muundo wake.

Feynman mwenyewe aliliona jambo hili. Katika dibaji yake ya 1963 alieleza kwamba, akitazama walivyojibu mitihani, hakuona kama amewafaa sana walio wengi. Mwaka 1989 David Goodstein na Gerry Neugebauer waliandika kwamba wanafunzi wa mwanzo walipungua ukumbini huku walimu na wanafunzi wa uzamili wakiongezeka. Baadaye Sands alilipinga dai hilo. Ubishi huu ni wa kifasihi hasa: hadhira ilikuwa nani? Na angalia wanaobishana: ni maprofesa, wakiwasemea wanafunzi.

Hapa kwetu suala linaongezeka uzito. Tangu 2013 Caltech ilianza kukiweka kitabu bure kwenye intaneti, hivyo kinamfikia hata Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na fizikia kwa Kiingereza. Kinamsemesha kwa Kiingereza cha mazungumzo, kilichojaa utani wa watu wengine. Huyo Dennis ni mtundu wa katuni maarufu ya magazetini Marekani. Msomaji wa kule anacheka kabla hadithi haijaanza, wa kwetu anakutana na mtoto asiyemjua.

Basi mwalimu anayemwambia mwanafunzi "kasome Feynman utaelewa" amemwagiza nusu ya kazi. Kazi simulizi inahitaji hadhira inayojibu. Kisomwe kwa sauti katika kikundi, msomaji akatizwe, kisha kila mmoja aisimulie sura upya kwa Kiswahili baada ya vipande kuondolewa. Atakayekwama ameshajua ni wapi hajaelewa, na hilo desa haliwezi kumwonyesha. Na yule aliyekifurahia kisha akafeli asijione mbumbumbu. Alikuwa msomaji mzuri wa hadithi. Ila mtihani haukumuuliza hadithi.