Nguruwe, Melesi na Kidevu

Fundi wa brashi za kunyolea ndevu hagusi ncha za nywele kwa mkasi. Ndilo sharti la kwanza la kazi yake, na ndilo linaloifanya kazi iwe ngumu. Kinyozi akitaka kichwa kiwe duara hupunguza juu. Fundi huyu hulitafuta duara kutoka chini. Huchukua konzi ya nywele zilizokwisha kuchambuliwa kwa urefu, akazitia ncha chini ndani ya kikombe kidogo cha shaba, kisha akakigongagonga mezani mpaka kila unywele ufike kina chake. Kitako cha kikombe ndicho kinachoamua umbo: kikiwa kimebonyea sana, kichwa cha brashi kitachomoza, kikiwa karibu na bapa, kitatandaa. Akiridhika hufunga mashina kwa uzi, akasawazisha upande wa mizizi, akatia gundi, na fundo likaingia kwenye mpini. Anayekata juu ameharibu mali. Unywele wa melesi ni mwembamba shinani, hunenepa katikati, kisha huchongoka hadi ncha isiyoonekana vizuri kwa macho, na ulaini wote anaoulipia mnunuzi umo kwenye ncha hiyo.

Melesi ni mnyama wa mashimoni wa Ulaya na Asia, jamaa wa nyegere wetu, mwenye milia usoni. Unywele wake una utepe mweusi katikati na weupe nchani, na utepe huo umekuwa nembo ya brashi ya kitajiri. Waingereza ndio walioikuza sifa yake. Kampuni ya Kent inahesabu umri wake tangu 1777. Alexander Simpson alianza London mwaka 1919, kiwanda chake kikateketezwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, kazi ikahamia Somerset. Lakini melesi wa Uingereza analindwa na sheria, kwa hiyo brashi ya Kiingereza imejaa nywele za China, ambako pia hutoka sehemu kubwa ya singa za nguruwe. Wauzaji wamezipangia nywele hizo madaraja, kuanzia zile nyeusi na ngumu hadi zile zenye ncha nyeupe kabisa, ila hakuna kipimo kinachowafunga wote. Daraja la juu la duka hili ni la kati kwa jirani yake. Afadhali kuipapasa brashi kuliko kusoma kibandiko.

Nguruwe alipata makao yake Italia na Ureno. Omega wa Bologna, walioanza 1931, wamewajaza vinyozi wa Italia brashi za singa hadi leo, na sababu si bei tu. Brashi ya kinyozi hushinda majini, ikitoka kidevu hiki kwenda kile, na singa ya nguruwe inapenda maji. Inayanywa, ikalegea. Nywele za melesi huyabeba maji zaidi baina yake, ndiyo maana ukizichovya na kuzikung'uta ziko tayari, ilhali ya nguruwe lazima uiache ndani ya maji ya vuguvugu dakika kadhaa, uoge kwanza, ndipo uiguse sabuni. Asiyejua hili huipaka ikiwa kavu, ikamchoma, akaitupa.

Na hata akijua, wiki za kwanza ni za uvumilivu. Brashi mpya ya nguruwe inanuka zizi. Inameza povu lote, haitoi kitu. Lakini kila singa tangu kuzaliwa kwake ina ncha iliyopasuka, na kadiri inavyolowa, kusuguliwa na kukauka, ndivyo mpasuko unavyozidi: mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Iangalie dhidi ya dirisha uone. Shina limebaki gumu kama lilivyokuwa, ila juu pameota ukungu laini unaotambaa shavuni. Ugumu chini na ulaini juu, vyote katika unywele mmoja: melesi wa bei kubwa hana hilo. Yeye hutoka kwa fundi akiwa kamili, na kuanzia hapo safari yake ni ya kuchakaa. Nguruwe hutoka kwa fundi akiwa nusu; nusu ya pili humalizwa na mnyoaji mwenyewe, kwa mkono wake, maji yake na sabuni yake. Ndiyo maana ninampenda zaidi, ingawa ninazo zote mbili na ninakiri kwamba asubuhi ya baridi mkono hunyooka wenyewe kwa melesi.

Heshima ya melesi imezaa waigizaji. Hadi leo kuna singa za nguruwe zinazopakwa utepe mweusi ili zifanane naye. Hilo ni pambo, halimdhuru mtu. Kuna lililodhuru. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia za biashara, nywele za wanyama kutoka Mashariki ziliacha kupitia kwa wasafishaji wa Ujerumani na Ufaransa, na brashi za nywele za farasi zilizotengenezwa kuonekana za melesi zikagawiwa askari wa Uingereza na Marekani zikiwa na vijidudu vya kimeta. Mfugaji yeyote wa Afrika Mashariki anajua kimeta ni nini. Mkwaruzo mdogo wa wembe ulitosha, wengine walikufa. Baada ya hapo watengenezaji walianza kupiga mhuri mpinini kwamba nywele zimeuliwa vijidudu, na mipini hiyo ya zamani bado inauzwa kwa wakusanyaji.

Kwa msomaji wa pwani lipo swali jingine, tena zito. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, nguruwe ni najisi mwili mzima, nywele zikiwemo. Wanazuoni wa Hanafi waliwahi kuwaruhusu washona ngozi kutumia singa zake kwa dharura, lakini kunyoa si dharura ya namna hiyo. Wala melesi si kimbilio, maana nywele za mnyama asiyeliwa, aliyekufa bila kuchinjwa, nazo ni najisi katika madhehebu hayohayo. Mtu huyo jibu lake ni nyuzi za plastiki, na hajapunjwa. Mswaki wa dukani nao ulikuwa wa singa za nguruwe mpaka nailoni ilipoingia mwaka 1938, na leo nani anazililia? Nyuzi za siku hizi ni nyembamba, zimechongoka nchani, hukauka upesi. Nyingi zimetiwa utepe mweusi: hata kiwanda cha plastiki kinamwiga melesi.

Mwenye hiari ya zote tatu aanzie kwenye sabuni yake. Sabuni ngumu ya bakuli inahitaji singa za kuichimba, na melesi laini atateleza juu yake akitoa povu la maji. Krimu ya mrija, kinyume chake, haichimbwi. Inataka kutandazwa, na hapo melesi anastahili kila senti. Mwenye haraka ya kuwahi basi achukue ya plastiki.