Vyuma Vinapogusana

Ingiza gia mbili katika programu ya uigaji wa kihandisi, kisha zungusha moja. Kompyuta haijui kwamba jino la hii haliwezi kupenya jino la ile. Usipoiambia, itayapitisha moja ndani ya jingine kama vivuli viwili ukutani, na mwisho itakuletea picha ya rangi za kupendeza isiyo na maana yoyote. Kazi ya kuifundisha vitu hugusana vipi haisifiwi sana, kwa kuwa macho ya watu huishia kwenye zile rangi. Mimi naiona ndiyo yenye ufundi kuliko zote.

Kipande cha chuma kikiwa peke yake ni mpole: mzigo ukiongezeka maradufu, nacho hupinda maradufu, ilimradi hujakivusha kikomo chake. Vipande viwili vikikutana, upole huo unakwisha. Ama kuna mwanya na shinikizo halipo, ama kuna shinikizo na mwanya haupo. Na hakuna ajuaye mapema sehemu ipi ya uso itakuwa katika hali ipi. Mwitaliano Antonio Signorini aliliweka tatizo hilo mbele ya wanahisabati mwaka 1959, na Gaetano Fichera akalipatia jawabu. Kompyuta yenyewe hubahatisha, ikakagua, ikarekebisha, ikabahatisha tena. Kuna nyakati nodi moja, yaani nukta moja ya wavu wa hesabu, hugusa, huachia, hugusa, huachia, na hesabu isifike popote.

Jawabu la kwanza kubwa lilipatikana zamani, kwa kalamu tu. Katika likizo ya Krismasi ya 1880, Heinrich Hertz, kijana wa miaka 23 aliyekuwa msaidizi wa mwanafizikia Helmholtz huko Berlin, alitafuta namna lenzi za kioo zinavyobonyea zikikandamizwa pamoja. Aliyoyapata bado yanashangaza. Gololi ikikaa juu ya bapa la chuma, ukitaka shinikizo la juu kabisa liongezeke mara mbili, mzigo lazima uuongeze mara 8, kwa sababu eneo la mguso nalo hupanuka. La ajabu zaidi, mkazo wa kukata ulio mkali kuliko wote hauko juu ya uso. Umejificha chini, kwenye kina kinachokaribia nusu ya nusukipenyo cha mguso. Ndiyo maana nyufa nyingi za beringi huanzia ndani, na ndiyo maana mwigaji makini husuka wavu wake kwa vijicho vidogo hata mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Njia iliyozoeleka ya kuzuia vipande visipenyane ni kutandika springi za kufikirika kati yao. Hapo pana hila tamu. Springi isiyobanwa haisukumi. Basi ili vipande visukumane, ni lazima vizamiane kidogo, jambo ambalo chuma halisi hakifanyi. Springi ikiwa laini mno, vinazama kupita kiasi. Ikiwa ngumu mno, hesabu inayumba. Mwigaji ndiye anayeamua uongo kiasi gani unavumilika. Katika uigaji wa ajali ya gari, mikroni chache si kitu. Ndani ya beringi, hizo mikroni ndizo habari yenyewe.

Wavivu hukwepa yote haya kwa kugundisha kila kiungo. Jibu huja haraka, na mashine huonekana ngumu kuliko ilivyo.

Halafu kuna msuguano, ambao programu huuombea namba moja tu katika kisanduku kidogo. Namba hiyo haitoki kwenye skrini. Inabidi mwigaji ashuke karakana amwulize fundi iwapo boliti hufungwa kavu au kwa mafuta, maana kwa kukaza kwa nguvu ile ile, boliti kavu huvibana vipande kwa nguvu ndogo kuliko iliyopakwa mafuta, na flanji ambayo kwenye hesabu imefumbana kabisa inaweza kufunguka ikavuja.