Uwezo wa Binti na Walinzi Wake: "Frozen" na "Moana" Zikitazamwa kutoka Kinna

Wahakiki wanaolinganisha filamu za katuni za mabinti wa kifalme wamezoea kushika swali moja tu: ni binti yupi asiyemhitaji mume? Swali hilo lina asili yake. Tangu Snow White ya mwaka 1937, kisha Cinderella ya 1950 na Sleeping Beauty ya 1959, studio ya Walt Disney ilimzoesha mtazamaji kumwona mwanamwali akilala, akifagia au akilia mpaka afike kijana wa kumwokoa. Frozen (2013), iliyoongozwa na Chris Buck na Jennifer Lee, na Moana (2016), iliyoongozwa na Ron Clements na John Musker, zilisifiwa kwa kuivunja ada hiyo. Lakini kwa kipimo hicho filamu hizi hazitofautiani. Elsa haolewi; Moana hata hachumbiwi. Kipimo kisichotenganisha vitu viwili hakifai kuvilinganishia, hivyo makala haya yanashika swali jingine: uwezo alionao binti katika kila filamu unatoka wapi, na ni nani aliyepewa kazi ya kuuchunga?

Mahali pa kuulizia swali hili ni Kinna, mji mdogo wa Garbatulla, kusini mwa Kaunti ya Isiolo, unaopakana na Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Wakazi wake wengi ni Waborana, wafugaji na Waislamu. Msomaji asidhani kuwa Kinna imechaguliwa kwa sababu iko mbali na theluji ili itoe kichekesho. Imechaguliwa kwa kuwa mambo matatu yanayobeba filamu hizi, yaani nchi inayokauka ghafla, amri ya kukaa mahali pamoja, na uwezo wa mwanamke unaotambuliwa au kufichwa, ni mambo yenye historia huko. (Tena, jina la Elsa lilisikika pande hizo miaka zaidi ya hamsini kabla ya filamu. Ndilo jina la simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson huko Isiolo, akafa mwaka 1961, na kuzikwa kando ya mto Ura katika Mbuga ya Meru. Naye alikuwa kiumbe mwenye nguvu aliyelelewa ndani ya nyumba, na mgogoro wake wote ulikuwa namna ya kumtoa nje.)

Katika Frozen, uwezo wa Elsa hautoki popote. Amezaliwa nao, na baba yake anapoulizwa kama ni laana au ni wa kuzaliwa, jibu hilo moja linatosheleza. Hakuna bibi wala shangazi aliyewahi kuwa nao kabla yake. Siku anapomdhuru mdogo wake Anna kwa bahati mbaya, wazazi wanafunga malango ya jumba, wanapunguza watumishi, na mfalme anamvika binti yake glavu. Glavu hizo ndizo ishara iliyofanyiwa kazi vizuri kuliko zote katika filamu. Zinaweka ngozi mbali na dunia, na kila mara zinapovuliwa hadithi inasogea. Tena ni vazi la heshima linalotumika kama pingu: mgeni anayemwona Elsa siku ya kutawazwa huona adabu ya kimalkia, kumbe anatazama kifungo.

Hapo ndipo mtazamaji wa Kinna ana la kusema. Miongoni mwa Waoromo, ambao Waborana ni tawi lao, mwanamke anayeolewa hukabidhiwa fimbo iitwayo siinqee. Fimbo hiyo si silaha. Ni alama ya haki yake, na wanawake huibeba hadharani katika sala, katika kuomba mvua na katika kupatanisha wagomvi. Ikilinganishwa na glavu za Elsa, tofauti inaonekana mara moja. Siinqee ni uwezo unaopokewa kutoka kwa mikono ya wanawake wengine na kushikwa mbele ya watu; glavu ni uwezo unaofichwa kwa amri ya baba. Jamii yenye siinqee haiwi kwa hilo pekee pepo ya wanawake. Mfumo wa gada umekuwa wa wanaume katika vyeo vyake, na msichana kuozwa mapema ni jambo ambalo pande za kaskazini mwa Kenya bado zinapambana nalo. Lakini angalau jamii hiyo ina lugha ya kuuzungumzia uwezo wa mwanamke, na Arendelle, nchi ya Elsa, haina. Ndiyo maana Elsa akifichuliwa, neno pekee ambalo mgeni mkubwa aliyealikwa karamuni analo mdomoni ni uchawi.

Sehemu hii ya mwanzo, tangu ajali ya utotoni mpaka malkia kukimbilia mlimani, ni tanzia safi, na hakuna kitu katika Moana kinachoifikia kwa ukali. Hata suala la ndoa limewekwa mahali pake. Anna anakubali kuchumbiwa na Hans siku ileile waliyokutana, na Elsa anakataa kutoa idhini. Watazamaji wengi humwona Elsa katili hapo. Baadaye Hans anafichuka kuwa alitaka kiti cha enzi tu. Ni mara chache katuni za namna hii humpa dada mkubwa haki ya kuwa sahihi kuhusu posa ya haraka.

Lakini filamu inaharibikia mwishoni. Baada ya Anna kujitoa kafara kwa ajili ya dada yake, Elsa anagundua kwamba upendo huyeyusha barafu, na dakika chache baadaye majira ya joto yamerudi. Upendo wa dada kwa dada ni badala nzuri ya busu la mwana wa mfalme. Hilo limekubaliwa na wengi na halina haja ya kurudiwa. Tatizo ni kwamba watu wa Arendelle, walioganda pamoja na mazao yao, hawaulizwi lolote. Hawakai kikao wala hawadai maelezo. Wanateleza juu ya barafu na kushangilia.

Yupo pia mfugaji ndani ya Frozen, naye ni Kristoff. Mavazi yake na paa wake wa kaskazini vimechukuliwa kutoka kwa Wasami, wafugaji wa Skandinavia, na wimbo unaofungua filamu ulitungwa na Frode Fjellheim, mwanamuziki wa Kisami, juu ya msingi wa uimbaji wao wa asili. Hata hivyo jina la Wasami halitajwi. Zaidi ya hayo, Kristoff ana mnyama mmoja, hana kundi, hana ukoo, amelelewa na viumbe wa mawe. Mtu wa namna hiyo Kinna hataitwa mfugaji. Ataitwa fukara, na watu watauliza ni msiba gani uliomaliza ng'ombe wa baba yake. Waborana wanaijua hali ya kuchukuliwa jina na kuachwa wenyewe: ng'ombe wa aina ya Boran wanasifiwa kwenye ranchi za nchi mbalimbali na wanunuzi ambao huenda hawajasikia habari za Waborana. Wasami walilalamika, na kabla ya Frozen II kutoka mwaka 2019 studio ilitia saini mkataba na mabunge yao na baraza lao. Filamu hiyo ya pili ikatolewa pia kwa Kisami cha Kaskazini.

Moana inaanza palepale Frozen iliposhindwa. Uwezo wa binti huyu una nasaba. Bahari inamchagua, ni kweli, lakini nyanya yake Tala ndiye anayeuhifadhi moyo wa Te Fiti, ndiye anayemwonyesha pango lenye vyombo vya kale, na ndiye anayemkabidhi kazi. Tendo hili la mwanamke mzee kumtilia msichana kitu mkononi liko karibu na siinqee kuliko jambo lolote lililomo katika Frozen.

Tena mgogoro wenyewe ni wa wahamaji. Watu wa Motunui wameambiwa wasivuke mwamba, na kizazi kizima kinaamini kwamba kukaa ndiyo jadi yao, hali ya kuwa wazee wao walikuwa mabaharia. Nazi zinapooza na samaki wanapotoweka, mkuu wa kisiwa bado anakataza mtu yeyote kuvuka mwamba. Kaskazini mwa Kenya iliwekewa miamba yake. Serikali ya kikoloni iliifanya wilaya iliyofungwa na kuchora mipaka ya malisho kati ya makabila. Wakati wa vita vya 1963 hadi 1967 watu walikusanywa kambini, Garbatulla ikiwa mojawapo, na mifugo ikaangamia. Na Waraka Na. 10 wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo katika sehemu zenye mvua na rutuba. Mtoto wa Kinna anayemwona Moana akigonga ngoma pangoni na kuona wazee wake wakitweka matanga anaambiwa jambo ambalo vitabu vya shule vilichelewa kumwambia, kwamba kuhama ni elimu.

Lakini dawa ya Moana ni nyepesi mno. Kisiwa kinapona kwa kurudisha jiwe moja lililoibwa na mmoja, Maui. Katika misimu mitano mfululizo ya mvua haba, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, hakuna jiwe ambalo lingerudishwa. Kilichohitajika ni kazi ya wazee wa dedha, yaani kugawa malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba, na kuamua nani ahame lini. Kazi hiyo ni mazungumzo marefu, na Moana haina mazungumzo. Binti anapingwa na baba yake peke yake. Watu wengine wa kisiwa ni kiitikio cha wimbo. Kwa hili filamu mbili hizi ni ndugu: zote zinamwamini mtu mmoja na kuliogopa baraza.

Hata hivyo Moana ndiyo inayostahili kutafsiriwa kwanza. Ilitolewa kwa Kimaori mwaka 2017, na Kiswahili kina zana za kuibeba: ngalawa na mirengu yake, ambayo wataalamu huihusisha na mabaharia waliotoka visiwa vya mashariki ya mbali, tanga, foromali, omo, tezi, mkondo, kusi na kaskazi. Frozen ingekuwa na theluji na barafu, na kisha ingelazimika kueleza. Watafsiri wa mdomo kama DJ Afro wamekwisha kuonyesha kuwa watazamaji wa Kenya hufurahia filamu ya kigeni inayosimuliwa kwa Kiswahili, ingawa yeye anajulikana zaidi kwa filamu za mapigano.

Ugumu utakuwa katika neno dogo. Moana mwenyewe anakana kuwa binti wa mfalme. Anasema ni binti wa mkuu wa kisiwa. Mtafsiri akiandika "binti wa chifu", mtoto wa Kinna atamwona ofisa wa serikali mwenye sare na kofia, aliyeajiriwa na kulipwa mshahara. Akiandika "binti mfalme", atakuwa amewapa Waborana kitu wasichokuwa nacho, kwa kuwa aba gada hushika uongozi miaka minane kisha huuachia wengine. Pwani kuna neno la zamani la heshima, mwana, alilopewa hata Mwana Mkisi ambaye mapokeo ya Mombasa humtaja kuwa mtawala wa kale wa mji huo, na kwa sadfa ya sauti tu linakaribiana na jina la Moana, ambalo kwao maana yake ni bahari. Kulitumia neno hilo kutahitaji maelezo huko Isiolo, lakini maelezo yake yatamfikisha mtoto kwa mwanamke aliyetawala.