Yona Asiyemalizwa Kuhubiriwa

Riwaya ya Moby-Dick, iliyotolewa na Mmarekani Herman Melville mwaka 1851, huhesabiwa kuwa kilele cha hadithi za bahari. Sisi wa Nkoma, watu wa pamba na ng'ombe, twaweza kudhani haituhusu. Lakini wawindaji wa nyangumi walifika hata pwani yetu. Mwaka 1847 Melville alihakiki kitabu cha J. Ross Browne, Mmarekani aliyesafiri na meli ya nyangumi, akakaa Zanzibar na kuandika habari zake. Na riwaya yenyewe imejengwa juu ya Biblia: msimulizi ni Ishmaeli, nahodha ni Ahabu, na karibu na mwanzo limewekwa hubiri zima juu ya Yona.

Anayehubiri ni Mapple, mzee aliyewahi kuwa mrusha chusa baharini. Anapanda mimbarani kwa ngazi ya kamba, kisha anaivuta juu. Anaeleza jinsi Yona alivyolipa nauli akimkimbia Mungu, akatupwa majini, akamezwa, akatubu, na mwishowe akaitangaza kweli bila woga. Ni hubiri zuri, ila linaishia hapo. Sura ya nne ya Kitabu cha Yona haiguswi: nabii aliyekasirika kwa sababu Ninawi umesamehewa, na Mungu anayemuuliza kama asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na mifugo mingi pia.

Wako wanaoliona hubiri hili kuwa ufunguo wa riwaya. Sisi tunaona ufunguo ni kile kilichoachwa. Ahabu amepoteza mguu kwa nyangumi mweupe, naye amemtwika mnyama yule uovu wote wa dunia. Starbuck, msaidizi wake, anamwonya kuwa kumlipiza kisasi mnyama asiye na akili ni kufuru. Hasikii. Hata nahodha wa meli iitwayo Raheli anapomsihi amsaidie kumtafuta mwanawe aliyepotea baharini, Ahabu anakataa na kuendelea na windo lake.

Mwishowe nyangumi anaivunja meli na watu wanazama. Anasalia Ishmaeli peke yake, akielea juu ya jeneza lililochongwa kwa ajili ya rafiki yake Queequeg, mtu asiye Mkristo. Anaokotwa na Raheli, ikiwa bado inawatafuta waliopotea. Meli iliyonyimwa huruma ndiyo inayoitoa. Hapo Melville anaihubiri sura ya nne bila mimbari.

Kitabu kina kasoro. Sura nyingi za kueleza aina na viungo vya nyangumi zinachosha, na wanawake karibu hawaonekani. Hata hivyo nguvu yake haijafifia. C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad, alikiandikia kitabu cha uhakiki mwaka 1952 akiwa kizuizini Ellis Island, New York, kikatoka mwaka 1953. Yeye aliwatazama zaidi mabaharia wa kawaida, wale waliomfuata Ahabu.

Mabaharia hao ndio wanaotugusa zaidi. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka mingi. Aliyefiwa na mtoto au ng'ombe ana jeraha la kweli, kama Ahabu. Mpiga ramli anapomtajia mtu, jeraha lile linapata mahali pa kupiga. Na kijiji kinachonyamaza ni mabaharia wa meli ile ile.

Tukimhubiri Yona mpaka sura ya tatu tu, tutakuwa tumefundisha utii, na Ahabu naye alitiiwa sana. Wahubiri wetu na waisome sura ya nne kwa sauti, wafiwa wakiwapo, na vikongwe wetu wakiwa wameketi benchi la mbele.