Freti Mpya za Gitaa Kuukuu

Ukitaka kujua gitaa limepigiwa muziki gani, tazama freti zake. Gitaa la mtu anayejifunza huliwa karibu na kichwa, kwenye zile freti tatu za mwanzo ambako vidole vichanga havithubutu kutoka. Hili lililoletwa kwa fundi wa Homa Bay kutoka Migori limeliwa juu zaidi, kuanzia freti ya 5 hadi ya 12, tena chini ya nyuzi tatu nyembamba tu. Upande wa nyuzi nene freti zingali na migongo yao. Huko juu ndiko mpiga solo wa muziki wa benga anakoshinda usiku kucha, akidondoa noti mojamoja kwa kasi, akijibizana na mwimbaji, kisha akibaki peke yake na besi wakati waimbaji wamenyamaza na uwanja umejaa wachezaji.

Mtindo huo una mizizi katika nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane. Nyatiti haina freti. Kila uzi una noti yake, na mpigaji hukaa kwenye kigoda akizidondoa nyuzi kwa mikono miwili huku pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa chombo. Vijana wa miaka ya 1950 na 1960 waliuhamishia mchezo huo kwenye gitaa. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Migori, aliupeleka mbali na bendi yake ya Shirati Jazz. Rekodi alizozitoa P. O. Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki wenyewe kanindo. Nyuma ya sifa zote hizo kulikuwa na freti, vijiti vya madini laini vinavyolika kila uzi unapokandamizwa juu yake.

Gitaa lenyewe ni Framus, kazi ya Ujerumani. Fred Wilfer alianzisha kampuni hiyo mwaka 1946, na mafundi wake wengi walikuwa wakimbizi kutoka Schönbach, mji wa watengeneza fidla. Haishangazi basi kwamba uso wa gitaa umebinuka kwa mtindo wa fidla, una matundu mawili ya umbo la herufi f, na daraja lake la mbao halikugundishwa, limeshikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Umbo hili lilianzia Marekani, kwa Orville Gibson, na gitaa la Gibson L-5 la mwaka 1922 ndilo lililoleta matundu hayo ya f. Wapigaji wa jazz walilipenda kwa sababu sauti yake hutoka kavu na upesi, haivutiki. Kwa solo ya benga hiyo ni sifa kubwa, maana noti ikikawia kufa itaikanyaga inayofuata.

Mwenye gitaa amelirithi kwa baba yake mdogo. Malalamiko yake ni mawili: linakwaruza kuanzia freti ya 7, na likipanda juu halipatani na kinanda. Fundi anatikisa kichwa kuonyesha amesikia, lakini hajibu. Anachukua rula ndefu ya chuma, anailaza kwenye shingo, anainua gitaa kuelekea mwanga wa mlangoni na kuchungulia kwa jicho moja.

Kilichomo anakieleza kwa maneno machache. Freti iliyoliwa huwa bapa juu. Uzi ukikandamizwa haukai tena katikati ya mgongo wa freti, unakaa kwenye ukingo ulio upande wa daraja, kwa hiyo unafupika kwa kiasi kidogo sana na noti inapanda. Uzi huohuo ukitetema unagusa ule ubapa, ndipo mkwaruzo unapotoka. La pili limejificha zaidi. Shingo imeinama mbele, imevutwa na nyuzi kwa miaka mingi, na chini ya rula, katikati, panapita mwanga. Magitaa mengi ya siku hizi yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, unaizungusha kwa ufunguo na shingo inanyooka. Hili halina.

Analegeza nyuzi kidogokidogo, zote kwa zamu, ili mbao zisishtuke. Kabla ya kuondoa daraja anaweka alama mahali lilipokaa. Kisha anawasha kile chuma cha mafundi wa redio cha kuyeyushia risasi, anakipitisha juu ya freti ya mwisho, polepole, hadi gundi ya zamani ilainike. Koleo lake alilisaga mdomo mwenyewe hadi likawa bapa kabisa, liweze kuingia chini ya freti bila kuuma mbao. Halivuti. Analibana tu, analegeza, anasogea milimita mbili, anabana tena, na freti inajiinua yenyewe kwa kule kubanwa, kutoka ncha hii hadi ile. Freti ya 9 inatoka na banzi jembamba la mbao, dogo kuliko punje ya mchele. Anasimamisha kila kitu, analiokota kwa kibano, analirudisha mahali pake na tone la gundi, na kulikandamiza kwa kipande cha nailoni. Kwa banzi hilo moja anatumia muda uleule aliotumia kwa freti nne.

Freti zikishatoka zote 21, pamoja na ile ya sifuri iliyo kichwani mwa shingo, anapaka chaki kwenye ubao mzima. Anachukua kibao cha mvule alichokichonga upande mmoja kwa mbonyeo unaolingana na mbinuko wa ubao, amekibandika msasa, anakivuta mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Chaki inatoka palipoinuka na kubaki palipobonyea. Mtu mwenye haraka angesaga hadi chaki yote iishe. Yeye anasaga sehemu mbili tu kisha anaacha, kwa sababu ubao huu ni mwembamba, umeshasagwa na mwingine kabla yake, na mbao iliyogeuka vumbi hairudi.

Wakati huo mwenye gitaa anauliza kama hawezi kuwekewa freti za chuma cha pua, zisilike tena. Fundi anacheka. "Wuoda, mwanangu, zitadumu kweli. Lakini fundi atakayekuja baada yangu atanilaani, tupa zake zitaishia hapa. Na baba yako mdogo hakulisikia gitaa lake hivyo." Anatumia waya wa kawaida, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mimi ningekubaliana naye hata bila hoja ya tupa. Gitaa la umri huu lina haki ya kubaki na sauti yake.

Waya wa freti ukiukata na kuutazama kwa upande una umbo la uyoga: mgongo wa mviringo juu, na chini ulimi mwembamba wenye vijino unaoingia kwenye mfereji wa ubao. Shingo isiyo na fimbo ya chuma itanyooshwa na ndimi hizo. Ulimi ukiwa mnene kidogo kuliko mfereji wake, unausukuma ubao pande zote mbili. Ukiweka ndimi nene kadhaa mfululizo, ubao unarefuka kwa kiasi kisichoonekana, nao kwa kuwa umegundishwa juu ya shingo, unalazimisha shingo nzima kurudi nyuma. Ndimi nyembamba hazisukumi kitu. Kwa hiyo kila freti ni uamuzi peke yake.

Fundi anapima kila mfereji, kisha kila ulimi. Kuanzia freti ya 4 hadi ya 9, ambako shingo imeinama zaidi, anaziminya ndimi kwa koleo ili zinenepe kidogo. Za karibu na kichwa anazipunguza kwa tupa. Shingo imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Anaupa waya mbinuko unaozidi kidogo ule wa ubao, anagonga ncha hii, anagonga ncha ile, kisha anashuka katikati. Nyundo yake ina uso wa plastiki. Pigo la kwanza lina mlio wa kitu kitupu, na freti ikishakaa sawasawa mlio unakuwa mkavu na mfupi. Hapo anaacha, haongezi hata pigo moja la kujiridhisha. Baada ya kila freti mbili analaza tena rula. Mwanga wa chini ya rula unapungua. Baada ya freti ya 8 anaing'oa ile ya 7 aliyoimaliza sasa hivi, anaupunguza ulimi wake kwa mikwaruzo mitatu ya tupa na kuirudisha, kwani shingo ilikuwa imeanza kupitiliza. Anataka ibaki na mbonyeo mdogo sana, nafasi ya uzi kutetema.

Ncha zinakatwa na kusagwa mshazari ili zisichane kiganja. Halafu gitaa linatundikwa ukutani siku kadhaa. Mji huu wa Homa Bay uko ufukoni mwa Ghuba ya Winam na hewa yake ina unyevu, mbao lazima zipewe nafasi ya kutulia na mkazo mpya.

Kusawazisha kunaanza kwa wino. Kila freti inapakwa mgongoni kwa kalamu nyeusi, na tupa ndefu iliyogundishwa kwenye ubao ulionyooka inapitishwa juu yake kwa uzito wake tu. Palipofutika wino ndipo palipokuwa juu. Mipito mitatu inatosha, dalili kwamba nyundo ilifanya kazi yake. Anapaka wino upya, anafunika mbao kwa selotepu ya karatasi, na kwa tupa ya pembe tatu iliyosagwa kingo zake anaizungushia kila freti mabega, upande huu na upande ule, hadi wino ubaki mstari mwembamba juu kabisa. Mstari huo haugusi. Ukifutika ameshusha freti, na itambidi azishushe zote 20 zilizobaki. Unafuata msasa wa 400, wa 600, wa 1000, wa 2000, na mwisho Brasso kwa kitambaa.

Daraja linarudi kwenye alama yake, lakini fundi haiamini alama hiyo. Uzi wa gitaa hili una sentimita 64, kwa hiyo freti ya 12 iko kwenye 32. Uzi mnene unahitaji milimita kadhaa zaidi, maana ukikandamizwa unakazika na kupanda. Anagusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 hadi utoe mlio wa kengele, kisha anaukandamiza palepale na kulinganisha. Anasukuma daraja kwa kidole gumba, kwa kiasi ambacho jicho langu halikioni.

Mwenye gitaa, aliyerudi kulichukua, ananyoosha mkono. Bado. Fundi anapitia kwanza kila uzi kwenye kila freti, noti 126, moja baada ya nyingine, bila muziki wowote ndani yake. Kwenye uzi wa tatu, freti ya 14, anarudia mara mbili, anachukua msasa, anapitisha mara moja, anarudia tena. Ndipo anapolitoa. Kijana anaruka moja kwa moja hadi freti ya 9, noti zinatoka zimetengana, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake.

Pamoja na gitaa anamkabidhi bahasha ya freti za zamani, kila moja imebandikwa karatasi yenye namba yake na unene wa ulimi wa ile mpya iliyochukua nafasi yake. Atakayezibadilisha tena, anasema, asianze kwa kubahatisha. Halafu anamuuliza nauli ya matatu hadi Migori sasa ni ngapi, na kumwonya asiliweke gitaa juu ya injini.