Mafundi Waliowaandikia Wanaoanza

Kipaji cha mtunzi hupimwa kwa urahisi anapoandikia orkestra nzima. Mimi humheshimu zaidi anapomwandikia mtoto, kwa kuwa hapo hana pa kujificha.

Mwaka 1720, mjini Köthen, Ujerumani, Johann Sebastian Bach alianza kumwandalia mwanawe Wilhelm Friedemann, wa miaka tisa, daftari la masomo ya kinanda. Humo ndimo vilimozaliwa vipande 15 vya sauti mbili, ambavyo mwaka 1723 alivinakili upya, akavipa jina la Invention. Alitaka mwanafunzi acheze kila sauti kwa usafi na, zaidi ya yote, auimbishe wimbo.

Fungua kile cha kwanza. Mkono wa kulia unatamka kauli fupi, na papo hapo wa kushoto unaijibu kwa sauti ya chini. Kauli hiyo inapokezanwa, inapinduliwa, inahamishwa, hadi kipande kinakwisha katika kurasa mbili tu. Hakuna mkono bwana wala mkono mtumwa. Kwa hiyo jifunze kila mkono peke yake, polepole; kisha cheza sauti moja huku ukiimba nyingine kwa kinywa. Ni kazi ngumu, lakini ndiyo inayolifundisha sikio kufuata mazungumzo mawili kwa wakati mmoja.

Wengine waliifuata njia hiyo. Mwaka 1848 Robert Schumann alitunga vipande vichache kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya binti yake Marie. Vikaongezeka hadi kuwa albamu ya vipande 43. Béla Bartók wa Hungaria alitunga Mikrokosmos, vipande 153 katika juzuu sita: mwanzoni mikono inatembea pamoja katika wimbo mmoja, mwishoni inacheza midundo ya Kibulgaria inayowatoa jasho hata waliobobea.

Noti za Bach na Schumann zinapatikana bure katika maktaba ya intaneti ya IMSLP, iliyofunguliwa mwaka 2006. Basi anayeanza asizikimbilie sonata kubwa kwa kuona haya. Kipande cha kurasa mbili kilichochezwa kwa usafi ni muziki kamili, na watunzi hawa waliamini kwamba mtoto anastahili kupewa muziki kamili tangu somo lake la kwanza.