Upotoshaji au Mpotoko? Istilahi ya Umeme na Mzigo wa Kiambishi

Istilahi haipimwi kwa utamu wake masikioni tu. Hupimwa pia kwa mahali inapompeleka anayeisikia. Kwa mizani hiyo, "upotoshaji wa harmoniki", fungu ambalo mtu hulipata akifasiri Kiingereza neno kwa neno, lina kasoro kubwa.

Jambo lenyewe ni hili. Umeme wa Kenya hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kwa wimbi laini. Lakini taa za LED, chaja, viyoyozi vya hoteli za Malindi na Watamu, na pampu ambazo mwendo wake hurekebishwa kwa elektroniki, havivuti mkondo kwa ulaini huo. Huudokoa vipande vipande. Wimbi lililodokolewa hupoteza umbo, na kwa hisabati aliyoieleza Fourier mwaka 1822, umbo hilo huchanganuliwa likawa wimbi la msingi pamoja na mengine ya mara 150, 250, 350 na kuendelea. Transfoma hupata joto. Katika majengo yenye fezi tatu, mawimbi ya 150 hayafutani katika waya wa nyutro bali hujumlika, na waya ambao hautarajiwi kubeba mengi huweza kuungua.

Sasa, "kupotosha" ni kitenzi cha kusababisha, nacho chadai mtenda. Mwenye hoteli aambiwaye kuwa umeme wake una upotoshaji humtafuta mpotoshaji, na wa kwanza kumjia akilini ni yule anayemuuzia umeme. Kumbe mara nyingi chanzo ki ukutani mwake mwenyewe. "Mpotoko", kutokana na potoka, wataja hali ya wimbi bila kumshitaki mtu. Tofauti ni ya -sh- na -k-, lakini hapo sarufi yagusa mfuko: anayeamini kuwa dosari yatoka nje hatatengeneza kitu ndani. Mwongozo wa IEEE nambari 519, toleo la 2014, wenyewe hugawa wajibu. Mteja huwekewa mpaka wa mkondo anaourudisha, na mwenye mtandao huwekewa mpaka wa mpotoko wa volteji: asilimia 8 kwa volti zisizozidi 1,000, asilimia 5 juu ya hapo hadi volti 69,000.

"Harmoniki" ni mkopo halali, ila ni bubu. Hisabati ya shule za msingi za Tanzania inalo neno "kigawe", lile la Kigawe Kidogo cha Shirika. "Wimbi-kigawe" lingesema wazi kwamba 150 ni 50 mara tatu. Atakayepinga atasema kigawe na kigawo huchanganywa kila siku, naye atakuwa na haki. Hata hivyo ni afadhali neno lenye hatari ya kuchanganywa kuliko lisilo na maana yoyote ya kuchanganya. Kuazima bamvua na maji mafu kutoka baharini, ingawa kwavutia, hakufai: nguvu za jua na za mwezi zinazokutana humo hazina vipindi vilivyo vigawe.

Linalobaki ni "kichujio", na hili ndilo gumu. Pwani, kifumbu hubakiza chicha na kupitisha tui. Kichujio cha kawaida cha umeme, yaani koili na kapasita zilizofungwa kando ya njia kuu, hakibakizi kitu namna hiyo. Huyafungulia mawimbi ya kasi fulani njia nyepesi, yakapita huko badala ya kurudi kwenye mtandao. Ni mchirizi kuliko kifumbu. Fundi anayefikiria kifumbu ataongeza kapasita akidhani anaongeza chujio, na kapasita zisizopimwa zaweza kuitikiana na mtandao zikakuza wimbi-kigawe zilizotarajiwa kulipunguza.

Suala hili si la hoteli peke yake. Kituo cha umeme wa jua cha Langobaya, Malindi, kilichoanza kazi mwaka 2021 kikiwa na paneli za megawati 52, hugeuza mkondo mnyoofu kuwa wa kupanda na kushuka kwa mashine zinazoukatakata kwa kasi. Nazo mashine za aina hiyo hujengwa pamoja na vichujio vyake. Mafundi wa Kilifi watakaozihudumia wanahitaji neno linaloonyesha mkondo unakokwenda, na hadi sasa "kichujio" halionyeshi.